Ukimpandisha mzee wa Amu KICC

KICC ni lile jumba refu la mikutano Nairobi. Usimkimbize mzee kwenye lifti. Mimi nilifanya hivyo na mjomba wangu, fundi wa nyumba za mawe mtaa wa Langoni, Amu (Lamu). Akafika juu kafumba macho, akashuka hajaona kitu. Ya mara ya pili ndiyo ninayokueleza.

Anza na noti. Noti zote za Kenya zilizotoka 2019 zina picha ya jengo hili. Mpe mzee ya shilingi mia aishike, muingie uwanjani upande wa sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta aliyeketi, asogee mpaka picha na jengo vilingane. Mjomba alisogea, akarudi nyuma, akapisha watu, nikadhani hatutamaliza. Halafu: "Hapa!"

Historia mpe kidogo tu. Lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, liwe makao ya chama cha KANU. Likafunguliwa 1973, mwaka uleule Benki ya Dunia ilipokutana humo. Urefu mita 105.

Kisha mwache alizunguke: mnara wa mviringo, na kando yake ukumbi wenye paa lililochongoka kama nyumba ya msonge. Hapo fundi hana haraka. Kwetu upana wa chumba huamuliwa na boriti ya mkoko, ndiyo maana kumbi zetu ni ndefu na nyembamba. Mjomba alipochungulia ule ukumbi aliuliza boriti ziko wapi. Nikamwambia ni zege na nondo. Akaukwaruza ukuta kwa ukucha, akanusa. "Haina chokaa hii."

Kitambulisho msisahau, na tiketi mnunue chini. Nendeni asubuhi mvua ikishanyesha usiku, vumbi limetua. Juu ni kiwanja cha helikopta, upepo wake si wa mchezo: kofia itiwe mfukoni, buibui lishikwe. Simameni katikati kwanza. Mwonyeshe kibla, ni kaskazini kama Amu, na akishaipata hiyo hatapotea tena. Chini ya jengo ni Bunge na saa yake, magharibi Uhuru Park, kusini mbuga ya wanyama.

Na ujiandae kwa maswali. Mjomba hakuuliza Ikulu wala Mlima Kenya. Aliinama, akatazama sakafu pembe hadi pembe, akaniuliza maji ya mvua yanateremkia wapi. Sikuwa na jibu.