Namna ya Kufuatilia Maana na Asili ya Neno la Kiingereza «murmur»

Wiki iliyopita nilikaa na mfasiri chipukizi aliyekuwa amekwama kwenye neno hili. Katika riwaya aliyoifasiri, lilitumika kwa maji ya kijito, kwa watu waliochoshwa na kodi na kwa moyo wa mgonjwa, naye mara zote tatu alikuwa ameandika «mnong'ono». Hatua tulizopitia ni hizi.

Hatua ya 1: Tenganisha maana kabla ya kugusa asili. Anayenong'ona hutumia pumzi tu, nyuzi za sauti zikiwa hazitetemi, ilhali katika «murmur» sauti yenyewe hutoka, ya chini na ya mfululizo, na maneno hayabainiki. Kwa hiyo «mnong'ono» mara nyingi hupotosha. Maji hububujika, umati huvuma, wenye kinyongo hunung'unika. Kwa moyo, eleza wazi kwamba ni sauti ya ziada anayoisikia daktari kati ya mapigo damu inapopita kwa msukosuko, pengine kwa sababu valvu, yaani kilango cha moyo, imebana au inavuja, ingawa nyingine hazina madhara yoyote.

Hatua ya 2: Fungua kamusi ya kihistoria. Mimi hutumia ile kubwa ya Oxford, kwa kuwa hupanga maana kwa umri wake, na sioni kamusi ndogo ikitosha kwa kazi hii. Utaona kwamba neno liliingia kutoka Kifaransa katika karne ya 14, na kwamba maana ya kulalamika ni miongoni mwa zile kongwe. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inalitumia Waisraeli wanapomlalamikia Musa jangwani (Kutoka 16), mahali ambapo Biblia ya Kiswahili ina kitenzi cha kunung'unika.

Hatua ya 3: Vuka hadi Kilatini, na hapa nenda polepole. Kifaransa kilirithi neno kutoka Kilatini, ambako «murmur» halikuwa la upole peke yake: Virgil, mshairi wa Roma ya kale, alilitumia kwa ngurumo ya mbingu wakati wa dhoruba. Kigiriki kina «mormyrein», yaani maji kuchemka na kunguruma, na Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kina neno linalofanana nayo kwa moto unaotatarika. Ukiona hivyo utashawishika kuunganisha kila kitu. Mimi niliwahi kupoteza usiku mzima nikitafuta ukoo kati ya «murmur» na «nung'unika», kwa sababu tu yote mawili yanarudia sauti za puani, na sikupata chochote kwa kuwa hakuna cha kupatikana. Haya ni maneno ya kuiga sauti, na lugha zisizo na undugu huyaunda kila moja kivyake: Kituruki, ambacho si jamaa wa Kilatini, husema «mırıldanmak» kwa maana hiyohiyo. Tangu hapo najiuliza maswali mawili kabla ya kudai undugu. Je, kuna maandishi yanayoonyesha neno likipita kutoka lugha moja hadi nyingine, kama yalivyo kati ya Kifaransa na Kiingereza? Ikiwa hakuna, je, sauti zake zinalingana kwa kanuni ileile inayoonekana katika maneno mengine mengi ya lugha hizo? Hata swali la pili linahitaji tahadhari, maana maneno ya kuiga sauti mara nyingi hukwepa mabadiliko ya kawaida ya matamshi, ama huundwa upya yakishabadilika. Ndiyo maana kuhusu Kigiriki na Kisanskriti ninaandika «yanafanana», wala siandiki «yametokana».

Hatua ya 4: Rudi kwenye matini. Kiingereza kikisema mtu alilipa bila «murmur», maana kongwe ndiyo inayosema: alilipa bila kulalamika.

Mfasiri yule aliandika upya sentensi zake tatu, na neno «mnong'ono» halikubaki hata katika moja.