Jinsi ya kuwapangia watoto mali ukiwa bado mzima (kutoka kwa aliyesimamia mirathi)

Kaka yangu alipofariki ukoo ulikaa kikao wakaniteua mimi shangazi mtu niwe msimamizi wa mirathi, nikajua ni kazi ya miezi miwili hivi, ikala karibu miaka miwili. Hakuwa na ugomvi na mtu, shida ni kwamba mambo yake yote alikuwa anayajua yeye peke yake. Karatasi za kiwanja tulizikuta kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, mkataba wa mauziano umeandikwa kwa mkono, muhuri wa serikali ya mtaa umefifia, na mpaka wa upande mmoja umeandikwa "hadi kwenye mwembe". Tumefika site, mwembe hakuna, jirani alishaukata zamani na msingi kachimba juu yake.

Sasa haya ninayoandika ni ya huku kwetu Tanzania, na ni kwa mzazi wa kawaida tu mwenye kanyumba, kiwanja, bodaboda mbili na hela kwenye kikoba. Matajiri wana mawakili wao.

Anza na daftari kabla hata hujawaza wosia. Chukua kaunta buku, andika kila ulicho nacho na karatasi yake iko wapi: kiwanja, kadi za pikipiki, akaunti za benki, namba ya NSSF, laini zako zenye hela, hisa za kikoba, nani unamdai na nani anakudai. Hilo la madeni watu hawalipendi ila ndo linaumiza zaidi, maana deni la marehemu linalipwa kwanza kabla watoto hawajagawiwa kitu, na msibani wanajitokeza wadai ambao hata mkewe hawajui, sisi walikuja watatu, mmoja alikuwa na karatasi na wawili walikuwa na maneno matupu. Namba ya siri usiandike. Alafu mtu mmoja unayemuamini ajue daftari linakaa wapi.

Ukishamaliza hapo angalia majina. Kuna mtu anaishi kwenye nyumba ya baba yake aliyefariki miaka na miaka na hati bado inasoma jina la mzee, huyo hawezi kuwaachia wanawe kitu kirahisi kwasababu mirathi ya mzee yenyewe haijafungwa. Kamilisha hilo kwanza. Na kama nyumba mmechuma pamoja na mwenzio kwenye ndoa usiigawe yote kama yako peke yako, jasho lake limo humo na Sheria ya Ndoa ya 1971 inalitambua, wewe unagawa fungu lako tu.

Halafu kuna hili la ndugu wa karibu unayemuandika benki, jamani. Watu wengi wanaamini jina likishaandikwa kwenye ile fomu basi huyo ndo mwenye hela. Hapana! Benki watataka cheti cha kifo na barua ya usimamizi kutoka mahakamani, na mara nyingi safari hiyo inaanzia Mahakama ya Mwanzo na muhtasari wa kikao cha ukoo mkononi. Na huyo msimamizi naye sio mrithi, yeye anakusanya, analipa madeni, anagawa, anarudisha hesabu mahakamani. Mimi niliitwa mwizi na binamu zangu kwa kazi ambayo sikupata hata nauli, basi tu.

Wosia wenyewe sio kitu kigumu. Ukifuata taratibu za kimila, lile tamko la serikali la 1963 lililoandika sheria za kimila linasema hivi: ukiwa unajua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, na kama hujui kusoma basi wanne, wawili wa ukoo wawili wa nje. Wosia wa mdomo nao ni wanne. Tumia kalamu ya wino au piga chapa kwa mashine, penseli hapana, weka tarehe, saini mkiwa wote pamoja, na anayerithi asiwe shahidi. Kama unamnyima mtoto fungu andika sababu waziwazi, usiache watu wakisie. Ukibadili mawazo andika mwingine wenye tarehe mpya na useme ule wa zamani umefutwa. Nakala moja kaiweke RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) au kwa wakili, sio chini ya godoro.

Kwa Waislamu hesabu ni nyingine, wasia hauzidi theluthi moja ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, na humuusii mtu ambaye tayari ni mrithi mpaka warithi wenzake wakubali. Ukitaka kumpa mtoto kitu maalum mpe kwa hiba, yaani zawadi, ukiwa hai, akabidhiwe kweli, sio unasema nimekupa shamba na mavuno unaendelea kuuza wewe.

Hapa kwenye watoto naomba nikae kidogo. Kaka alikuwa na watoto wanne, mmoja wa nje ya ndoa, na tulijua wote ila hakuna aliyewahi kulisema. Kikao cha ukoo kilivyofika kwa yule binti watu wakaanza kuangalia chini. Bila wosia mtoto wa nje anaweza kukosa kabisa kwa baba yake, kimila ni hivyo na kwa Uislamu pia harithi kwa baba, lakini kwenye wosia unaweza kumuandika jina lake na fungu lake, na ile theluthi inamfaa mtu kama huyo. Watoto wa kike pia, kwenye lile tamko la kimila binti yuko daraja la tatu nyuma ya kaka zake wote, kwahiyo baba unayesema "wanangu wote ni sawa" liandike hilo, kwa mdomo tu bila wale mashahidi halina nguvu ukishazikwa.

Wakiwa wadogo taja nani atawalea. Ushauri wangu, anayelea na anayeshika hela wasiwe mtu mmoja, hata kama wote ni wazuri, wanachungana. Na muulize kwanza huyo mlezi, sio ashtukizwe kwenye arobaini. Ada unaweza kuanza kuiweka mapema kidogokidogo, UTT AMIS, wale wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wana Mfuko wa Watoto, na kampuni za bima zina bima za elimu, soma tu masharti ya ukikwama kulipa.

Na kiwanja jamani, kapimishe. Hela ya kupima ikiwa haijapatikana nenda na jirani wote wa mipaka pamoja na mjumbe, wekeni mawe, pigeni picha, kila mtu asaini. Kile cha kaka tulikuja kukubaliana na jirani akatuachia hatua nne, yule binti ndo kajenga chumba chake hapo.