Kufunga bango kubwa ukutani, fremu moja nguo unabadilisha utakavyo

Jamani huku Unguja watu wanatundika bango kama wanaanika kanga, misumari minne na kamba ya manila basi, halafu kusi likianza wanashangaa. Na mie nshafanya hivyo hivyo, bango la mita 3 kwa 6 juu ya duka Mlandege, usiku ringi za matundu ya kufungia zikachomoka moja moja turubai likawa linapiga ukuta paa paa mpaka alfajiri, bi mkubwa wa ghorofa ya pili hanisemeshi mpaka leo.

Uzito wa bango si kitu, hilo langu lilikuwa kama kilo 9 tu. Shughuli ni upepo. Ukivuma kilomita 70 kwa saa unalisukuma kwa zaidi ya kilo 400, mara nyengine unalivuta lije nje, na zote hizo zinabebwa na bolti zako.

Kwa hiyo fremu ndo ya kudumu. Chomelea skwea paipu ya galvanaizi, pale ulipochoma paka rangi ya zinki siku hiyohiyo maana chumvi ya bahari haikusubiri, na iachane na ukuta kama sm 10 mkono upite. Bolti zote ziingie kwenye nguzo na lenta za zege, si kwenye tofali. Drili ikizama kama kwenye unga na vumbi likatoka jeupe, simamisha kazi, hayo ni mawe na chokaa, bolti ya kutanuka inapasua badala ya kushika. Nyumba za Mji Mkongwe ndo hizo, na kule hata drili usiitoe kwenye boksi kabla ya kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Bango liwe dogo kuliko fremu kwa sm 15 kila upande, ringi za shaba kila sm 50 au chini ya hapo. Za bati zinalia machozi mekundu juu ya sura ya mteja.

Sasa utamu wenyewe: juu ya fremu weka kapi mbili, zile za mashua. Bango lishonwe mfuko juu upitishe bomba, watu wawili chini wavute pamoja kama wanapandisha foromali, wa kwenye jukwaa kazi yake kufunga tu. Aanze katikati ya kila upande aende pembeni, akianzia pembe linakunjamana. Kila ringi na mpira wake wa kuifunga kwenye fremu, usipitishe kamba moja ndefu, ikikatika pahala pamoja tu, bango limekwenda. Na mpira uwe dhaifu kuliko bolti, bora ukatike huo kuliko bolti ing'oke na kipande cha ukuta kumwangukia mtu anayekwenda zake sokoni.

Kubadilisha: shika kamba za kapi kwanza, kata mipira, shusha, pandisha jengine, mipira mipya kila mara kwa sababu jua linaila. Fanya asubuhi upepo haujaamka.

Kuna wanaotoboa matundu ya nusu mwezi eti upepo upite. Unapita kidogo tu na nguo inachanikia hapohapo, kama ukuta unaangalia bahari mwambie mchapishaji akuchapie kwenye turubai la wavu.