Maneno mawili kwenye boksi la simu

Kabla ya kupanda boti ya Mokowe, gati la kuvukia kwenda Lamu, na simu mpya mfukoni, geuza boksi usome. "Waterproof" ni kitu kisichoingia maji kabisa. "Water resistant" kinahimili maji kwa kiasi, na kiasi hicho kina mpaka wake. Kwenye simu, watengenezaji wengi huandika la pili; wauzaji wetu ndio hulisoma kama la kwanza.

Mimi natazama namba ya IP, kipimo cha jinsi simu inavyozuia vumbi na maji. IP67: 6 ni vumbi, haliingii, 7 ni kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. IPX4 ni marasharasha tu; X ni kwamba vumbi halikupewa namba.

Ila kipimo hicho hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, si ya bahari. Chumvi ikikauka kwenye tundu la chaji hula chuma polepole. Yangu ilipigwa na wimbi moja tu tukivuka kwenda Manda. Niliizima, nikaifuta kwa kitambaa kilicholowa maji ya kisima, nikaielekeza tundu chini kwenye upepo wa baraza hadi kesho yake, ndipo nikachaji. Wanaosema simu iliyolowa ifukiwe kwenye mchele, mchele uacheni jikoni, vumbi lake huziba tundu.