Kumpakia mtoto mdogo kwenye boti ndogo: utaratibu ninaoufuata

Mwanangu wa kwanza alitumbukia majini akiwa na miaka mitatu, na boti ilikuwa haijaondoka. Ilikuwa imefungwa gatini, injini imezimwa, maji yametulia tuli, nami nimeinama nafungua kamba ya tezini, yaani nyuma ya boti. Hakupiga kelele. Nilisikia chubwi! basi. Bahati alikuwa amevaa jaketi okozi. Nikamvuta kwa kishikio cha nyuma ya shingo, akaanza kulia akiwa tayari mikononi mwangu. Tangu siku ile utaratibu wangu unaanzia nchi kavu.

Hatua ya 1: Jaketi livaliwe kabla ya kukanyaga gati

Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa uzito wake, nao umeandikwa kwenye lebo ya ndani. Usinunue kubwa kwa kusema "atalikulia", maana majini litampanda hadi usoni, yeye abaki chini. Kwa mtoto mdogo natafuta vitu vitatu: kola pana ya kubeba kichwa, mkanda unaopita katikati ya miguu, na kishikio imara nyuma ya shingo.

Kisha lijaribu. Mvalishe, funga zipu na vifungo vyote, shika jaketi mabegani umnyanyue taratibu. Kidevu na masikio vikimezwa na jaketi, ama hukukaza ama si saizi yake. Baada ya hapo ingia naye kwenye maji ya kina kifupi, umshike, umwache aelee kidogo. Wengi hushtuka na kupigapiga miguu mara ya kwanza, na ni afadhali mshtuko huo umpate ukiwa naye.

Maboya ya kupuliza yanayovaliwa mikononi ni vichezeo. Majaketi yanayojijaza hewa yenyewe nayo waachie watu wazima. Mtoto mchanga ambaye hujampatia jaketi linalomtosha abaki nchi kavu. Nimewahi kuona watu wakimfunga mtoto kwenye kiti cha gari, kisha kiti wakakifunga kwenye boti. Boti ikipinduka, kiti kinazama naye.

Marekani, sheria ya shirikisho inamtaka mtoto wa chini ya miaka 13 avae jaketi boti inapotembea, isipokuwa akiwa ndani ya chumba cha boti au chini ya sitaha. Kwangu hakuna "isipokuwa", na boti iliyosimama imo. Nami navaa langu, kwa sababu mtoto wa miaka minne atakuuliza mbona wewe hujavaa, na hutakuwa na jibu.

Hatua ya 2: Mteue mlinzi kwa jina

Watu wanne wakiambiwa "mwangalieni mtoto", kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia. Chagua mtu mzima mmoja, asiye nahodha, asiye na simu mkononi. Zamu ni dakika 20, na hukabidhiwa kwa maneno: "Chukua mtoto." "Nimempokea." Mtoto anayezama mara nyingi hawezi kuita wala kupunga mkono, mdomo wake unazama na kuibuka, na mikono inasukuma maji. Ndiyo maana mlinzi hutegemea macho, masikio hayatamsaidia. Kama mtu mzima ni wewe peke yako, ahirisha safari.

Hatua ya 3: Mweke ngamani

Wahenga walisema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi mtoto namweka huko tangu mwanzo: sakafuni, katikati ya boti, ambako hakurushwi sana na mawimbi. Omoni, yaani mbele ya boti, akining'iniza miguu, akiteleza boti inampitia juu, na rafadha, yaani panga za injini, inamsubiri nyuma. Tezini kuna hatari nyingine isiyoonekana. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hujikusanya huko hasa injini ikinguruma boti imesimama. Mtoto aliyekaa nyuma akianza kusinzia au kulalamika kichwa, usiharakishe kusema ni mawimbi. Zima injini, mpeleke penye hewa safi, na utafute msaada.

Mpe kanuni mbili tu, kwa lugha yake: boti ikitembea, makalio chini; tukikaribia gati, vidole ndani.

Hatua ya 4: Injini

Kamba ya kuzimia injini, ile inayoizima ikivutika, ifungwe mwilini mwa nahodha. Kabla mtu yeyote hajaingia au kutoka majini, zima kabisa. Usiridhike na kuitoa gia.

Hatua ya 5: Fanyeni zoezi la kutumbukia

Lifunge dumu tupu kwenye jaketi la akiba, mwachie mtoto alitupe majini. Atafurahi mno, nawe utajua kama wenzako wako tayari.

Anayeona hupaza sauti: "Mtu majini!" Mmoja ananyoosha kidole kulielekea dumu na habandui macho hata sekunde moja. Mwingine anarusha boya. Nahodha anapinda usukani kuelekea upande lilikoangukia, ili tezi na rafadha vikae mbali nalo, kisha anarudi polepole akiukabili upepo na kuzima injini kabla ya kulifikia. Rudieni hadi ifanyike bila kugombezana. Penye redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya majini, kila mtu mzima ajue kuwa chaneli ya dharura ni 16.

Hatua ya 6: Baridi

Mtoto hupoteza joto haraka kuliko wewe, hata siku ya jua kali akiwa amelowa na upepo unavuma. Beba nguo kavu kwenye mfuko usiopitisha maji. Akianza kutetemeka, mbadilishe na geuza boti.

Tukifika gatini, mlinzi wa zamu hushuka kwanza na kumpokea mtoto mkono kwa mkono. Kamba zinafungwa, vitu vinashushwa, na jaketi linavuliwa tukishafika kwenye gari.