Jinsi ya Kumtafuta Chatu Kando ya Maji

Anayetaka kumwona chatu wa Afrika porini aanzie ukingoni mwa mto, ziwa au kinamasi, kwa kuwa nyoka huyu, ingawa hukaa pia mbugani na kwenye vilima vya mawe, hapendi kuwa mbali na maji. Nchini Tanzania panaposifika ni kinamasi cha Silale katika Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, ambako waongoza watalii hukagua hata matawi, maana chatu hupanda miti na kujiviringa humo.

Nenda asubuhi jua likishapata nguvu, wakati anapoota baada ya baridi ya usiku. Usitarajie kumwona mzima. Tafuta kipande cha mwili chenye mabaka ya kahawia kati ya matete, au pua na macho tu juu ya maji yaliyotulia. Kwenye tope chunguza mburuzo. Chatu mkubwa asiye na haraka hujisogeza kwa magamba ya tumbo bila kujipindapinda, akaacha alama pana iliyonyooka kama ya gogo lililoburutwa.

Hakikisha humchanganyi na kifutu, mfupi, mnene na mwenye sumu kali, ambaye mgongo wake una michoro yenye umbo la herufi V. Utosini mwa chatu kuna baka jeusi lenye umbo la ncha ya mkuki, na kwenye midomo vishimo vinavyohisi joto la mawindo. Hana sumu, lakini meno yake yamepinda kuelekea kooni na jeraha lake si la mchezo.

Ukimkuta ametuna tumbo, usimsogelee hata kwa ajili ya picha, kwani akibughudhiwa hutapika alichokimeza na kupoteza mlo ambao ungemtosha kwa wiki nyingi. Mwenye macho ya ukungu wa samawati yu karibu kujivua gamba; haoni vizuri, na mara nyingi hujiloweka majini.

Tahadhari kubwa zaidi ni kwenye mashimo ya mhanga, yule mnyama mchimbaji anayekula mchwa. Jike hutaga humo makumi ya mayai, huyazungushia mwili kwa takriban miezi mitatu bila kula, na hutoka kuota jua ili arudi na joto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 nchini Afrika Kusini ulionyesha kwamba hukaa na watoto wiki mbili hivi baada ya kuanguliwa. Ukiona jike mdomoni mwa shimo, rudi ulikotoka, umtazame kwa darubini.