Swali la "mazingira yamemjengaje mhusika mkuu" unalijibu hivi

Hili swali la mtihani wa fasihi linawaangusha wengi, na wala sio gumu, shida ni kwamba mtu akishaandika "umaskini ndio ulimharibu" anaona kamaliza. Hujamaliza, ndo kwanza umeanza.

Chukua riwaya ya Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971), wengi mmeisoma. Rosa kakulia Ukerewe kwa baba mlevi, Zakaria, na siku barua ya Charles, kijana anayempenda, inanaswa binti anachezea kipigo cha kufa mtu. Sasa usikimbilie kuandika "baba mkali ndo maana Rosa akaharibika", hapo umeruka katikati. Jiulize kwanza kile kipigo kilimnyima nini. Kilimnyima nafasi ya kuzoea kuongea na mwanaume kama binadamu mwenzake, anachojua ni kuwaogopa tu, kwahiyo akifika shule ya bweni, mbali na macho ya baba, wenzake wanamuona mshamba, halafu anatokea Deogratias, mtu mzima mwenye cheo chake, na Rosa hajui kukubali kunakuwaje wala kukataa kunaanzia wapi. Umeona mtiririko? Hali, kisha kilichokosekana, kisha uamuzi. Ukiacha hicho cha katikati unakuwa umemshtaki Zakaria tu, hujaeleza kitu.

Halafu usimbebeshe baba kila kitu mpaka mwisho wa kitabu. Rosa wa chuo cha ualimu Morogoro ni mtu mzima, Zakaria yuko mbali, na kuna mambo anayaamua mwenyewe akijua kabisa anachofanya. Sema hivyo, msahihishaji atajua umesoma kitabu sio notsi za mtaani.

Ukishapata jibu lako lijaribu kwa mhusika mwingine, mimi hapa ndo napapenda zaidi. Kwenye Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed, kuna Maimuna, baba yake Maksuudi ana mali na anautaka ukubwa wa siasa, ila binti kafungiwa ndani, shule hakuna, dunia anaisikia tu. Akitoroka anaishia kwenye danguro la Mama Jeni. Sasa ile hoja ya umaskini iko wapi? Imekufa, maana huyu katoka nyumba ya kitajiri na bado njia zao zinafanana, kinachowaunganisha ni kufungiwa, Rosa kwa kipigo na woga, Maimuna kwa kuta za nyumba.

Ila miisho yao ni mbalimbali kabisa. Rosa anajiua. Maimuna anaanguka kweli, pombe na kila kitu, ila mama mmoja, Biti Kocho, anampokea, anapona, na mwishowe anaolewa na Kabi. Kwahiyo ukiorodhesha mazingira usiishie kwa waliomuumiza, tafuta pia nani alimpokea alipoanguka, na kama hakuna aliyempokea liandike hilo kama hoja inayojitegemea, na tukio lake chini yake, sio sentensi moja ya kujaza ukurasa.